Nyumba ya Shingo Nne: Dirisha Lililogeuzwa Baa

Bado amesimama palepale, msomaji, juu ya zege baridi la besimenti yake mwenyewe, ile sakafu ya chini ya ardhi, na magoti ya miaka sabini na mbili hayana subira ya kungoja gazeti wiki nzima. Basi tumsomee upesi kile anachokisoma.

Sakafuni pamebandikwa utepe wa buluu. Ndivyo wanavyofanya watu wa mji huu wa Winnipeg kabla ya kujenga: ukuta huchorwa kwanza kwa utepe, wenyewe wautembee, wauzoee, ndipo mbao zije. Mistari minne imefanya kichumba kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, mahali pasipo na dirisha wala tundu la panya. Katikati ya kichumba, kwa mwandiko wa mwanawe wa pekee, pameandikwa KITANDA CHA MAMA.

Orysia Hnatiuk aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akaingia ndani ya mistari, akanyoosha mikono. Mkono mmoja uligusa bati la tanuri, wa pili ukagusa ukuta wa msingi.

"Mama? Uko chini?"

Bohdan alishuka na vikombe viwili vya kahawa. Ana miaka arobaini na sita na upara umeshampigia hodi, lakini ngazi ya mwisho bado huiruka kama alipokuwa mtoto. Alipoona mama yake amesimama wapi, kahawa ilimmwagikia kidole gumba.

"Nilitaka nikuonyeshe mwenyewe."

"Nimeshajionyesha. Jeneza langu umelipimia urefu gani?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Babako tulimpa nafasi kubwa kuliko hii, na yeye hakuwa na nguo za kutundika."

Kwa aliyechelewa kuingia hadithini: Orysia aliuza kibanda cha ziwani, kule Gimli, alichokijenga na marehemu mumewe Wasyl kwa mikono yao wawili. Dola elfu arobaini akaziweka mezani. Makubaliano yalikuwa mafupi kama sala ya mwenye njaa. Pesa zimalizie besimenti. Bohdan na mkewe Danuta, waliorudi nyumbani baada ya kupandishiwa kodi, wapate makao yao chini. Orysia abaki juu, katika chumba chake chenye jua la asubuhi.

Utepe ulikuwa unasema mengine.

"Chumba changu cha juu kimekosa nini?"

"Hakijakosa kitu. Ni magoti yako, Mama. Ngazi zinakutesa."

"Ngazi zinanitesa, kwa hiyo unanipeleka mwisho wa ngazi."

Bohdan akanywa kahawa kwa haraka, ikamuunguza.

"Na sheria je?" mama yake aliendelea. "Chumba cha kulala huku chini lazima kiwe na dirisha la mtu kutokea nyumba ikishika moto. Hata mimi najua."

"Ndiyo maana si chumba cha kulala. Kwenye mchoro kinaitwa chumba cha kazi za mikono."

"Na kitanda?"

"Cha kupumzikia."

"Nipumzike mpaka lini?"

Bohdan aliketi kwenye ngazi. Alikuwa na sura ya mtu aliyejiandaa kwa hotuba, kisha karatasi ikapeperuka.

"Dirisha ni ghali, Mama. Unakata ukuta wa msingi, unachimba shimo nje, unaweka njia ya maji yasijae. Dola elfu saba. Bajeti haikuruhusu."

Orysia akatazama upande wa pili. Kule, chini ya dirisha la pekee la besimenti, utepe ulikuwa umepindishwa vizuri kama mkia wa paka aliyeshiba. BAA, yalisema maandishi. Sinki. Friji ya bia. Miduara minne ya viti virefu.

"Na baa hiyo ni pesa ngapi?"

Bohdan akachungulia ndani ya kikombe chake.

"Bohdan."

"Elfu saba. Na kidogo."

"Kwa hiyo dirisha langu mmelinywa."

Hapo sauti ya mkewe ilishuka kutoka juu, tamu na isiyojua lolote: "Mpenzi, umeshamwambia kuhusu Jumamosi?"

Orysia akageuza shingo polepole. "Jumamosi kuna nini?"

"Mama yake Danuta anakuja kukaa nasi." Bohdan alilisema lote kwa pumzi moja. "Kifua kinamsumbua. Daktari kasema apate chumba chenye jua."

"Leokadia?"

"Leokadia."

Jina hilo lilimkaa Orysia kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya harusi, miaka kumi na miwili iliyopita, Leokadia Pietras, Mpolandi wa Thunder Bay, alichukua varenyky moja, kifuko cha unga kilichochemshwa, aliyoikunja Orysia kwa vidole vyake, iliyojaa viazi na jibini, akaiuma mbele ya padri. Akatafuna. Akasema: "Ngozi nene. Lakini kwa baridi ya huku, kila mtu anahitaji koti." Tangu hapo wakwe hao wawili wamekuwa wakitumiana kadi za Krismasi tu, na kila mmoja huenda dukani kuchagua iliyo mbaya zaidi.

"Yule ndiye anapewa jua langu," alisema Orysia.

Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa fundi, Rodel Manalastas, amekuja kumaliza mapatano, kwani kazi ilipangwa kuanza Jumatatu. Mtu mfupi mwenye kicheko kirefu. Aliacha buti mlangoni, akashuka na soksi zenye picha za kuku. Na hapo Orysia akabadilika ghafla, akawa mpole, mtamu, mzee kabisa. Waliomzoea wangekimbia.

"Karibu, fundi. Hebu nieleze polepole. Mimi ni bibi tu, hesabu zangu ni za unga na mayai."

"Hizo ndizo hesabu ngumu, Bibi," alisema Rodel. Akaanza kumtembeza. Kwanza matandiko ya kuzuia baridi ukutani, kisha mbao, nyaya za umeme, jipsam, rangi, sakafu. Na kwenye bomba la maji machafu, kifuniko cha kuyazuia yasirudi ndani siku ya mvua kubwa. "Hiki usikubali kikatwe hata kwa dawa."

"Choo cha mji mzima kije kunitembelea? Sikikati. Na pesa zikizidi?"

"Ndiyo maana tunatenga akiba. Nyumba kuukuu ni kama bwana harusi mzee, humjui mpaka avue koti. Nilimwambia Bohdan aweke pembeni sehemu moja ya kumi, kwa yale tusiyoyaona."

"Na ameweka?"

Rodel alimtazama Bohdan. Bohdan alitazama dari.

"Tulipata televisheni," alisema Bohdan. "Inchi themanini na tano. Ilikuwa imepunguzwa bei."

"Akiba ya yasiyoonekana," alisema Orysia, "imenunua kitu kinachoonekana mpaka kwa jirani."

Rodel akainamia futi yake akajifanya anapima kitu. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Walifika kwenye nguzo. Ni nne, za chuma, zimesimama mstari mmoja chini ya boriti kubwa inayobeba nyumba, na kila moja ina skrubu nene kichwani. Udongo wa Winnipeg ni mlevi: majira ya theluji kuyeyuka hunywa ukavimba, kiangazi hukauka ukasinyaa, na nyumba hupanda na kushuka nao. Basi kila vuli Wasyl alikuwa akishuka na spana kubwa kuzungusha skrubu, robo hapa, robo pale, na Orysia juu akienda mlango kwa mlango, akifungua na kufunga, akimwitia: "Bado. Bado. Inatosha." Nyumba ina shingo nne, alikuwa akisema Wasyl, na mke wangu ndiye masikio yake.

"Na hizi?" aliuliza Orysia.

"Zinafunikwa," alisema Bohdan. "Zinaharibu sura. Jipsam pande zote, laini, hutajua kama zipo."

"Nilishauri tuache vijimlango vya kufikia skrubu," alisema Rodel taratibu. "Vikafutwa kwenye bajeti."

"Vingeonekana nyuma ya baa," alisema Bohdan.

Orysia akaipapasa nguzo iliyo karibu. Ujinga huu ni wa watu wa mji huu peke yao: huifunga shingo ya nyumba ndani ya ukuta mzuri, halafu miaka miwili baadaye wanasukuma milango kwa makalio na kuilaumu hali ya hewa. Lakini mtoto wa Wasyl?

Alikwenda kwenye msumari karibu na tanuri, akaiteremsha spana. Ilikuwa ndefu kama mkono wake na nzito kama neno la marehemu.

"Mama, weka chini hiyo."

"Nyumba hii ya nani, Bohdan?"

"Yako."

"Basi acha niisalimie."

Aliitia spana kwenye nguzo ya pili. Ile ya pili iko chini ya chumba chake cha kulala, na hilo alilijua kwa miaka arobaini ya kufungua na kufunga mlango.

"Robo tu, Bibi," alisema Rodel. "Si zaidi ya robo."

Akavuta. Robo. Chuma kikalia kidogo. Kwa mazoea ya miaka yote akanyamaza akasikiliza juu, angoje ile sauti ya kumwambia bado au inatosha. Hapakuwa na sauti. Aliyekuwa akiita alikuwa yeye, na sasa yeye ndiye alikuwa chini.

Hakuna aliyemwambia inatosha. Akaongeza robo nyingine. Na kwa hasira, tuseme ukweli, akaongeza nusu.

Juu pakalia ta, kama kijiti kilichovunjwa gotini. Halafu sauti ya Danuta, safari hii bila utamu: "Bohdan? Mlango haufunguki."

Bohdan alipanda ngazi mbilimbili. Orysia alipanda moja moja, na spana yake begani. Rodel alifuata nyuma kwa soksi zake za kuku, maana hakuna mtu mwenye akili anayeondoka mchezo ukiwa hapo.

Mlango wa chumba cha Orysia ulikuwa umeumwa na fremu yake pembe ya juu. Bohdan aliusukuma kwa bega, ukamcheka.

"Danuta, mwanangu," Orysia aliuambia ubao, "unafanya nini chumbani kwangu?"

"Napima pazia."

"Pazia la nani?"

"Mama, nifungulie kwanza."

"Jibu halina mlango. Litapita."

"La mama yangu." Sauti ya Danuta ilikakamaa. "Haya, nimesema. Anakohoa usiku kucha peke yake kwenye nyumba ya kupanga, na jirani anagonga ukuta kumnyamazisha. Wewe una mwana anayekuletea kahawa. Mimi nina mama huyo mmoja. Ulitaka nifanye nini?"

Orysia hakulitegemea hilo. Aliiteremsha spana kutoka begani.

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Halafu ningepika. Halafu tungekula, na ningekubali. Hamkunipa hata nafasi ya kukataa."

Ndani ilisikika futi ikijirudisha yenyewe kwenye kopo lake.

"Sikilizeni nyote," alisema Orysia. "Nguzo nitaishusha utepe ukihama. Baa itoke, dirisha lirudi, vijimlango vya nguzo virudi, akiba irudi hata kama televisheni itarudi dukani kwa miguu. Na chini walale wale waliopatana kulala chini. Mimi siendi kufanya kazi za mikono gizani."

Bohdan aligeuka. Ana kidevu cha mama yake, na sasa alikitoa mbele kama alivyokuwa akikitoa yeye.

"Hapana, Mama. Bajeti imefungwa. Pesa ulizitoa mwenyewe, kazi inaanza Jumatatu. Utazoea."

"Fundi," alisema Orysia bila kumtazama mwanawe, "huwa unaanza kazi kwa mchoro wa nani?"

Rodel alijikuna shingo. "Kwa mchoro ambao mwenye nyumba hajaushikia spana, Bibi."

Na hapo kengele ikalia tena.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mzee wa umbo dogo mwenye kofia ya manyoya, sanduku lililofungwa kwa mkanda wa suruali, na chupa ya bitiruti zilizochachushwa ndani ya mfuko. Ilikuwa Alhamisi.

"Basi la Jumamosi lilijaa," alisema Leokadia Pietras, akakohoa kikohozi kirefu chenye vyumba viwili na sebule. Alipomaliza, alimkagua Orysia toka juu mpaka chini. "Mkwe. Umenenepa."

"Mkwe. Umekuja na koti jembamba. Ungesema, ningekushonea moja kwa ngozi ya varenyky."

"Binti yangu yuko wapi?"

"Mama, niko huku," ilisema sauti ya Danuta kutoka nyuma ya mlango. "Nimekwama. Usimsikilize huyo."

"Nimemkwamisha mimi," alisema Orysia, akainua spana ionekane. "Anapima pazia lako kwenye dirisha langu."

Leokadia alitua sanduku. "Lako? Mimi nimeambiwa umeomba mwenyewe kuhamia chini. Kwa ajili ya magoti. Nimeambiwa umechagua mpaka rangi."

"Rangi gani?"

"Kijani cha mnanaa."

"Kijani cha mnanaa," alisema Orysia, "nilikitazama ukutani hospitalini wiki sita, Wasyl akifa. Nisingekipaka hata kwenye banda la kuku."

Wale wanawake wawili walitazamana. Hawakuwa wamefanya hivyo tangu harusi. Nyuma ya mlango, futi ya Danuta ilianguka sakafuni, na Bohdan alikuwa anachunguza bawaba kana kwamba ndizo zilizosema uongo.

"Nionyeshe huko chini," alisema Leokadia.

Walishuka pole, magoti yakimtangulia mmoja na kifua kikimfuata mwingine. Rodel akawapisha kwenye ngazi, kisha akawafuata. Leokadia alisoma sakafu yote: BAA, SINKI, miduara minne ya viti. Akafika kwenye kichumba. Akasoma KITANDA CHA MAMA. Kisha, na kofia yake kichwani na koti lake mwilini, akajilaza chali juu ya zege, ndani ya mistari ya kitanda, mikono kifuani.

Tanuri likawaka kwa kishindo sentimita chache kutoka sikioni mwake. Alikohoa. Alitazama huku na kule kutafuta mwanga.

"Hapa hata maiti angeomba taa," alisema.

Orysia hakucheka, ingawa alitaka. "Haya, umeona. Sasa panda ukalale kwenye jua langu kwa raha zako."

"Niinue kwanza, acha maneno."

Akamshika mkono, akamwinua. Vilikuwa vidole vya mkunja unga, Orysia akavitambua bila kutaka.

"Unanidhani mpumbavu?" alisema Leokadia akijipangusa vumbi. "Leo wamekushusha wewe kwa magoti. Kikohozi changu kikizidi, watanishusha mimi kwa kikohozi. Watoto wakishajifunza njia ya ngazi hawaisahau, mkwe."

Juu kulisikika kishindo cha bega, mbao ikalalamika, mlango ukaachia. Bohdan alikuwa ameshinda. Jozi mbili za miguu zilikimbia ukumbini, mlango mwingine ukafungwa kwa upole mkubwa, na minong'ono ikaanza.

"Wameingia kwao kushauriana," alisema Orysia. "Wakitoka watakuwa neno moja. Na Jumatatu mbao zinakuja."

Leokadia aliigusa nguzo ya pili, akaiangalia skrubu yake, akapandisha macho mpaka kwenye boriti. Kisha akahesabu nguzo kwa kidevu.

"Hii ndiyo uliyoizungusha?"

"Hiyo."

"Na ipi iko chini ya chumba chao?"

Orysia aliinyooshea spana. "Ya nne."

"Ulizungusha bila mtu wa kukuitia juu?"

"Sina mtu."

Leokadia akaivuta kofia yake vizuri masikioni, akashika kishikio cha ngazi, akaanza kupanda. Alifika katikati, akakohoa, akageuka.

"Mimi napanda kusimama mlangoni pao. Nitakuambia lini inatosha." Akapanda moja zaidi. "Lakini usinisubiri kwa hamu, mkwe. Unanijua. Mimi si mwepesi wa kutosheka."

Rodel alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha baa ambacho hakijajengwa, yaani sakafuni. Orysia akaitia spana kwenye shingo ya nguzo ya nne, akapanua miguu yake mibovu, akangoja.

Sauti ikashuka kutoka juu, nyembamba, ya Kipolandi, haina haraka hata kidogo.

"Bado."